Walioacha 'unga' wafundishwa kuisubiri kiu ipite
Na Mwandishi Wetu

VIJANA wengi wanaomaliza matibabu ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya hukumbana na mtihani mzito zaidi wanaporejea mitaani, ambako marafiki wa zamani, vijiwe na ugumu wa maisha huamsha upya kiu waliyodhani imekwisha.

Hatari ni kubwa. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza uwezo wa kuihimili. Anayerudia kiasi alichokizoea awali anaweza kushindwa kupumua na kufariki dunia.

Kukabiliana na hali hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, akiwamo Profesa Alan Marlatt, aliyefariki mwaka 2011, walibuni mafunzo ya vikundi yanayounganisha mbinu za kuzuia kurudia uraibu na mazoezi ya kutuliza akili.

Mafunzo hayo huchukua wiki nane. Kikundi hukutana mara moja kwa wiki kwa takriban saa mbili, wakiketi kimya na kufuatilia pumzi zao, kisha kila mmoja akaeleza yaliyompitia. Kijana anayesikia wenzake wakisimulia vishawishi vile vile hupungukiwa na aibu, ambayo mara nyingi humrudisha mtu kwenye matumizi.

Msingi wa mafunzo ni kwamba kiu haidumu. Hupanda kama wimbi, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Anayeitii huipa nguvu ya kurudi tena. Anayeshindana nayo huchoka. Kwa hiyo kijana hufundishwa kuitazama tu: imekaa wapi mwilini, kifuani au tumboni? Inazidi au inapungua?

Kwa anayeshikwa na kiu ghafla, lipo zoezi fupi la hatua tano: kusimama, kuangalia yanayotokea mwilini na akilini, kurejesha fikra kwenye pumzi, kupanua fikra hizo hadi mwili mzima na mazingira, ndipo aamue la kufanya.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha watu wazima 286 waliomaliza matibabu ya awali. Baada ya mwaka mmoja, waliopitia mafunzo hayo walitumia dawa kwa siku chache kuliko waliopata huduma nyingine mbili zilizolinganishwa, na walipunguza unywaji wa kupindukia.

Hata hivyo, mazoezi haya hayachukui nafasi ya tiba. Anayetumia methadoni, dawa ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, hapaswi kuiacha bila ushauri wa daktari. Vivyo hivyo, mnywaji wa kupindukia anayeacha pombe ghafla anaweza kupatwa na degedege, hivyo anahitaji kwanza uangalizi wa kitabibu.