Ni Nani Apepetaye?

Juma lililopita kijana mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Mchungaji, ikiwa vitu vyaweza kujipanga vyenyewe, twamshukuru nani?" Leo najaribu tena, nikianzia mbali, kwa Wayunani wa kale, maana walishindana sana juu ya jambo hili.

Mshairi wao Hesiod, karibu mwaka 700 K.K., alisema kwamba kwanza kabisa ilitokea Kaosi. Neno hilo kwake halikuwa na maana ya fujo, bali pengo, kama kinywa kilicho wazi. Habari za mchafuko zilikuja baadaye. Anaxagoras, aliyefundisha Athene, alisema vitu vyote vilikuwa vimechanganyika pamoja, ndipo Akili ikavizungusha, vikatengana.

Democritus wa Abdera hakuihitaji Akili hiyo. Kwake ulimwengu ni chembe zisizogawanyika, zinazokwenda huku na huku katika utupu, na mwendo wenyewe huzipanga. Tazameni nafaka ikichekechwa, asema: dengu huenda kwa dengu, shayiri kwa shayiri. Tazameni mawe ya ufuoni: mawimbi huyasukuma hata marefu yakakaa na marefu, na ya mviringo na wenzake. Akina mama mnaonisikiliza mwajua kwamba mzee huyu hakusema uongo. Mkitikisa ungo, makapi hujitenga bila ninyi kuyaokota moja moja.

Lakini Socrates hakuridhika. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo, yumo gerezani siku ya kufa kwake, mwaka 399 K.K. Awasimulia rafiki zake jinsi alivyofurahi ujanani kusikia kwamba Akili ndiyo ipangayo yote. Alipokisoma kitabu cha Anaxagoras akakuta humo hewa na maji tu. Ni kama mtu aseme, Socrates ameketi gerezani kwa sababu ana mifupa na mishipa. Mifupa anayo, kweli. Lakini ameketi kwa sababu ameona ni haki asitoroke.

Plato, mwanafunzi wake, akauchukua ungo ule ule. Katika Timaeus akubali kwamba kabla ya mbingu kupangwa vitu vilitikiswa kama nafaka, vizito upande huu, vyepesi upande ule. Ila mtikiso huo ulileta dalili tu za vitu. Vipimo na hesabu vilitiwa na Fundi, ambaye kwa kuwa ni mwema hakuwa na wivu. (Mahindi yaliyopepetwa bado si ugali!) Hapo sisi twaachana na Plato kidogo, kwa maana Fundi wake alikuta nafaka tayari, nasi twakiri kwamba hata nafaka ni ya Mungu.

Jana nilimweleza kijana wangu haya yote. Nikamwambia, mtikiso waeleza jinsi makapi yalivyotoka, hauelezi kwa nini mama ameushika ungo. Akafikiri kidogo. "Sawa, Mchungaji, ungo una mama. Na yale mawe ya ufuoni, ni nani aliyeyapepeta?"

Democritus amenishika hapo. Tumepatana kuonana tena Alhamisi, baada ya sala za jioni.