Je, Wajua? Maajabu ya Mshumaa wa Kupikwa Nyumbani

Sufuria mbili, vipande vya nta, uzi wa pamba na jioni moja tulivu: hivyo vyatosha kukupa mshumaa wa kupambia meza, uliotoka mikononi mwako mwenyewe. Na ukishajua yaliyomo ndani yake, hutauona tena kama kitu cha kutafutia gizani umeme unapokatika. Haya, vuta kiti!

Mwali wake huzaa almasi
Kila sekunde, ndani ya mwali wa mshumaa huzaliwa chembe za almasi zipatazo milioni 1.5. Watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walitangaza ugunduzi huo mwaka 2011. Chembe hizo ni ndogo mno na huungua mumo humo, kwa hiyo sonara hana chake. Lakini hebu fikiri: mpaka umalize kusema "karibuni mezani", almasi zaidi ya milioni zimeshapita mbele ya wageni wako.

Gramu moja ya nta ni vigamba 1,000
Nyuki hachoti nta mauani. Huitoa mwilini mwake, vigamba vyembamba chini ya tumbo, na huhitajika vigamba kama 1,000 kupata gramu moja. Ili kutoa kilo moja ya nta, nyuki hutumia asali ya kilo 6 hadi 8. Nta ya misitu ya miombo ya Tabora imekuwa ikiuzwa ng'ambo tangu enzi za Wajerumani, na ndani ya kila bonge mna asali iliyogeuka kuwa mwanga.

Mji wa Afrika unawaka mezani kwa Mfaransa
Mfaransa huita mshumaa *bougie*, na neno hilo limetokana na jina la Béjaïa, mji wa bandari nchini Algeria. Katika Zama za Kati, nta ya huko ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, hata jina la mji likawa jina la bidhaa. Leo kila anayeomba mshumaa kwa Kifaransa, kuanzia Paris hadi Kinshasa, anautaja mji wa Afrika pasipo kujua.

Maji: rafiki chini ya nta, adui juu yake
Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu, chini kabisa ya joto la maji ya chai. Ndiyo sababu mafundi huiweka katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji: maji yanachemkia nyuzi 100, basi nta haiwezi kupata joto kupita hapo. Lakini nta ikishika moto, usiimwagie maji kamwe! Kijiko kimoja cha chai cha maji kikigeuka mvuke ghafla hukaribia kujaza ndoo ya lita 10, na mvuke huo huirusha nta inayowaka kila upande. Zima jiko, funika kwa mfuniko, na uuache mahali pake mpaka upoe.

Rangi ya keki haiingii kwenye nta
Mimina matone ya rangi ya chakula ndani ya nta iliyoyeyuka, nayo yatazama chini yakiwa shanga ndogondogo, bila kuchanganyika hata kidogo. Rangi hiyo huwa ya maji, na nta iko upande wa mafuta. Hao wawili hawajawahi kupatana. Krayoni za watoto huyeyuka vizuri, kwa kuwa zenyewe ni nta, ila unga wa rangi uliomo huziba utambi na mwali ukadhoofika. Rangi maalumu za mishumaa huyeyuka ndani ya mafuta, ndiyo siri ya wekundu unaofanana kuanzia juu hadi chini.

Barafu hutarizi
Mmojawapo wa mishumaa mizuri kuliko yote hutengenezwa kwa vitu viwili visivyokaa pamoja: nta ya moto na vipande vya barafu. Simamisha mshumaa mwembamba katikati ya boksi tupu la maziwa, zungushia barafu, kisha mimina nta. Nta huganda papo hapo kuzunguka kila kipande, barafu nayo huyeyuka. Ukishamwaga maji na kuchana boksi, unabaki na nguzo yenye matundu kila upande, mfano wa kofia iliyoshonwa kwa mkono. Huwezi kuupata wa pili unaofanana nao, kwani barafu haipangiki mara mbili vilevile.

Maji yakiganda huvimba, nta ikiganda husinyaa
Chupa ya maji iliyojazwa pomoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka. Nta hufanya kinyume chake, huchukua nafasi ndogo zaidi kadiri inavyopoa. Ndiyo maana asubuhi unakuta shimo kuzunguka utambi, ingawa usiku uliuacha mshumaa ukiwa sawasawa. Dawa yake ni kubakiza nta kidogo na kumimina mara ya pili. Kusinyaa huko kuna faida pia: ndiko kunakouachanisha mshumaa na kalibu, ukatoka bila kulazimishwa.

Utambi na tambi, neno moja
Zile tambi za kupikwa na sukari na iliki zina jina moja na nyuzi za mshumaa: utambi mmoja, tambi nyingi. Na utambi una historia yake. Zamani watu walilazimika kuukata kila mara kwa mkasi maalumu ili mshumaa usifuke moshi. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alileta utambi wa kusukwa, ambao ncha yake hujikunja inapowaka, ikatokeza ukingoni mwa mwali na kuteketea yenyewe. Msuko kama wa nywele ukauondoa mkasi mezani!

Kinachowaka ni mvuke
Puliza mshumaa uzime, kisha upesi peleka kiberiti kwenye ule uzi mweupe wa moshi: mwali utashuka kwa kuruka hadi kwenye utambi, bila wewe kuugusa. Moshi huo ni mvuke wa nta. Nta huyeyuka, hupanda utambi kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa ncha tu, hugeuka mvuke, ndipo iwake. Mwanasayansi Michael Faraday alilipenda jambo hili hata katika msimu wa Krismasi wa 1860 alitoa mihadhara 6 kwa vijana jijini London, yote juu ya mshumaa.

Angani mwali ni tufe la buluu
Mwaka 1992, ndani ya chombo cha anga cha Columbia, wanasayansi wa Marekani waliwasha mishumaa na kuona miali ya mviringo, yenye rangi ya buluu iliyofifia. Duniani hewa ya moto hupanda juu na kuuvuta mwali uwe na ncha. Huko juu hakuna "juu" wala "chini", basi mwali hujikalia kama kitone cha umande.

Mdogo, lakini huonekana viwanja 25 mbali
Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa mishumaa zaidi ya 60. Hata hivyo, penye giza totoro, jicho la binadamu laweza kuuona mwali mmoja ukiwa kilomita 2.6 mbali, sawa na viwanja 25 vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Wanasayansi nao wameuenzi: kipimo cha ukali wa mwanga ni kandela, neno la Kilatini la mshumaa.

Mshumaa hukumbuka usiku wake wa kwanza
Ukiwasha mshumaa wa kwenye bakuli kwa mara ya kwanza na kuuzima mapema, utaacha mduara mdogo katikati, na siku zifuatazo mshumaa utaelekea kuyeyuka ndani ya mduara uleule, ukichimba kisima huku nta ya pembeni ikibaki bure. Kadiria saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana: bakuli la sentimita 7.5 lataka saa 3. Kwa hiyo usiuwashe ukiwa na haraka. Ngoja jioni ambayo watu wamekaa na mazungumzo yamenoga, uuache uyeyuke mpaka ukingoni. Ukubwa wa jioni hiyo ndio utakaoufuata hadi tone lake la mwisho.