Mvua kama Kipimo cha Umbali katika Uunganishaji wa Seli Ndogo kwa Mawimbi ya Milimita
Seli ndogo ya mtandao wa simu hufungwa karibu na watumiaji, aghalabu kwenye nguzo ya taa za barabarani, na haina manufaa mpaka iunganishwe na kiini cha mtandao. Pale ambapo kuchimbia mkongo ni ghali, masafa ya gigahezi 71–76 na 81–86 hutoa jumla ya gigahezi 10, upana usiopatikana katika masafa ya chini.

Kikwazo kikuu ni mvua. Katika gigahezi 80 urefu wa wimbi ni milimita 3.75, unaokaribiana na ukubwa wa matone, hivyo matone huyanyonya na kuyatawanya mawimbi. Mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo katika nchi za tropiki huweza kunyesha kwa dakika kadhaa, hupunguza nguvu kwa takriban desibeli 30 kwa kilomita: hufika sehemu moja tu ya elfu. Katika mita 300, mvua hiyo hiyo hupoteza desibeli 9, na sehemu moja ya nane hufika. Kwa hiyo umbali uliothibitika kaskazini mwa Ulaya haufai kunakiliwa katika tropiki. Hupaswa kukadiriwa kwa dhoruba ya mahali husika.

Redio zinazopunguza kasi mvua inapozidi huepusha kukatika, si msongamano. Nguzo nayo husahaulika mno: antena ya sentimita 30 ina mwale wa takriban digrii 1, na nguzo nyembamba ikiyumbishwa na upepo huweza kuupotosha.