Ushanga wa Kale: Ulifanywaje, na Ulitoka Wapi?

Alimaye karibu na magofu ya pwani yetu, mvua ikiisha kunyesha, huweza kuokota ushanga mdogo, mwekundu au wa buluu, usiozidi punje ya mtama. Wengi huutupa. Lakini ushanga huo umevuka bahari, na wataalamu wa leo waweza kutambua nchi ambako kioo chake kiliyeyushwa.

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake wataka moto mkali mno. Kwa hiyo mafundi waliuchanganya na magadi, au na majivu ya mimea iotayo penye chumvi. Shaba ikatia rangi, buluu au nyekundu, kwa kadiri ya moto ulivyoendeshwa.

Ufundi wenyewe ulionekana hata karne ya 20 katika kijiji cha Papanaidupet, India Kusini. Donge la kioo laini hushikizwa kwenye ncha ya bomba refu la chuma, likatobolewa katikati, likatiwa tanuruni. Fundi hukinasa kioo kwa kulabu na kukivuta, mkono huu na mkono huu, nacho hutoka kama mrija mwembamba wenye tundu, saa baada ya saa. Kisha mrija hukatwa vipande vidogo sana, navyo hupashwa moto pamoja na majivu hata kingo zao zikawa laini. Subira hiyo, kwa maoni yangu, yampita hata msuka mikeka.

Basi asili yake hujulikanaje? Kila mchanga una madini yake. Mwali wa leza huondoa katika ushanga vumbi lisiloonekana kwa macho, na madini yaliyomo hupimwa. Ushanga mwingi wa Unguja Ukuu, uliofika kati ya karne ya 7 na ya 10, una alumini nyingi, dalili ya kioo cha Sri Lanka au India Kusini. Mwingine wa zama hizo, uliofika kusini mwa Afrika, ni wa kioo cha majivu, kutoka pande za Iran na Iraq. Ule wa Venice ulikuja baadaye sana. Nao wenyeji hawakupokea kila kitu: katika karne ya 19, mfanyabiashara wa pembe aliyechukua rangi isiyopendwa katika nchi fulani ya bara hakuuziwa hata chakula.

Lakini leza haisemi ushanga ulizikwa lini. Hilo husomwa katika udongo ulimolala, pamoja na vigae na makaa. Na ukiisha kuondolewa, habari hiyo imepotea. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka avumbuaye kitu cha kale awaarifu Makumbusho ya Taifa kwa muda wa siku 7, na kueleza hasa mahali alipokikuta.