Je, Wajua? Binti wa Toronto aliyewafuata twiga

Je, wajua kwamba miaka 4 kabla ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika hifadhi ya Gombe, msichana mwingine alikuwa tayari Afrika akichunguza wanyama porini? Ni Anne Innis Dagg, mzaliwa wa Toronto, Kanada, aliyehitimu biolojia katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1955. Mwaka 1956, akiwa na miaka 23, alisafiri peke yake hadi Afrika Kusini. Huko alishinda ndani ya gari akiandika jinsi twiga wanavyokula, wanavyotembea na wanavyopigana kwa shingo. Mwaka 1976, yeye na mtafiti mwenzake J. Bristol Foster walichapisha kitabu kilichokuwa msingi wa utafiti wa twiga. Nishani ya taifa lake, Kanada, alitunukiwa mwaka 2019, akiwa na miaka 86.