Stika Haibanduliwi: Kuhusu Kuweka Nembo kwenye Modeli za Ndege

Ndege tano aina ya Super VC10 zilizopokelewa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kati ya mwaka 1966 na 1970 zilikuwa kama ndugu watano wa tumbo moja. Mtazamaji aliyesimama kwa mbali uwanjani Embakasi asingeweza kuzitofautisha kwa umbo wala kwa ukubwa. Kilichozitenganisha kilikuwa alama za usajili zilizoandikwa mwilini: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Alama mbili za kwanza hutaja nchi: 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Herufi tatu zinazofuata huitaja ndege yenyewe na, kwa anayezijua, hatima yake. 5X-UVA iliangamia Addis Ababa ilipokuwa ikijaribu kuruka tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakapoteza maisha. Nyingine nne zilidumu kuliko shirika lenyewe, lililovunjika mwaka 1977. Baadaye zilinunuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza na kugeuzwa kuwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta zikiwa angani.

Sasa chukua modeli ya plastiki ya ndege hiyo, iliyopunguzwa mara 144. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 52. Modeli haizidi sentimita 37. Herufi iliyokuwa na kimo cha nusu mita inabaki milimita tatu na nusu. Hakuna mkono, hata wa mchoraji stadi, utakaoandika 5Y-ADA kwa kimo hicho na ikasomeka vizuri. Kwa hiyo alama hizo, pamoja na jina la shirika na mistari ipitayo kandokando ya madirisha, huchapwa kwenye karatasi maalumu na kuhamishiwa kwenye modeli kwa maji. Kipande cha utando kisichozidi ukucha wa kidole gumba ndicho kinachoamua ikiwa kilichomo mezani ni ndege ya Kenya, ya Tanzania au ya Uganda. Iliyoangamia au iliyonusurika. Kikiharibika, modeli inabaki bila jina.

Makala haya yanaeleza namna ya kukihamisha kipande hicho bila kukiharibu. Yamkini msomaji atashangaa kuona mada kama hii katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Sababu yangu ni kwamba nilipoifanya kazi hii nyumbani Sigor (ile ya Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi) nilikosea palepale ambapo sarufi yetu ingenionya, lau ningeisikiliza.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Wapo watakaopendelea "kibandiko", na neno hilo lina mantiki. Hata hivyo, kila Mkenya aliyepata kupanda matatu au kumiliki pikipiki husema "stika", nami sioni faida ya kumpokonya neno lake. Stika ya matatu huwa na gundi yake mgongoni. Hii tunayoizungumzia haina gundi ya namna hiyo, na ndiyo maana nitaiita stika ya maji pale ambapo tofauti hiyo ni muhimu.

Stika ya maji ina tabaka tatu zinazopaswa kufahamika. Chini kuna karatasi nene inayofyonza maji. Juu yake pamepakwa gundi inayoyeyuka majini, ambayo kwa kawaida hutokana na wanga. Juu ya gundi kuna utando mwembamba sana wa vanishi unaobeba wino. Stika ikitumbukizwa majini, maji hupenya kwenye karatasi kutoka chini, yakaifikia gundi na kuilegeza. Hapo utando ukawa huru kuteleza. Hakuna kinachokatwa wala kuchunwa. Kazi yote hufanywa na maji, na maji huitaka subira.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kiswahili kina vitenzi kama anika, funika na bandika ambavyo hupata kinyume chake kwa kuachilia kiambishi -ik- na kupokea -u-: anua, funua, bandua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua, na ndani yake mna mtenda anayetumia nguvu au nia. Ukiongeza -k- unapata kauli ya kutenduka: funuka, banduka. Mtenda anatoweka, jambo linatukia lenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti hiyo kwa mifano ya mlango na kifuniko cha chungu. Stika ya maji ni mfano bora zaidi, kwa sababu ndani yake tofauti ya bandua na banduka ni tofauti ya kuharibu na kufaulu. Stika haibanduliwi. Inawekwa majini kwa sekunde kumi hadi ishirini, inatolewa na kulazwa juu ya kipande cha plastiki, kisha inasubiriwa kwa dakika moja au zaidi hadi ibanduke. Dalili ni moja: ukiigusa pembeni kwa ncha ya burashi iliyolowa, inateleza yote kwa pamoja. Ikiwa upande mmoja umeshikilia, haijabanduka, nawe huna ruhusa ya kuisaidia.

Mimi niliisaidia. Karatasi yangu ya stika ilikuwa na usajili wa ndege mbili tu, 5Y-ADA na 5H-MOG, na kwa kuwa naishi Kenya nilianza na ya kwanza. Upande wa herufi A ya mwisho ulikuwa bado umeng'ang'ania. Nikaubandua kwa ukucha. Utando ule ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu; ulipasuka kati ya D na A, na vipande vikajikunja kama majani ya chai yaliyokauka. Aidha, ni kosa kufanya kinyume chake, yaani kuiacha stika ielee majini hadi gundi yote ioshwe. Kiasi cha gundi hiyo ndicho kitakachoishikiza kwenye modeli. Ndiyo sababu inatolewa mapema na kuachwa imalizie kulegea ikiwa nje ya maji.

Tuseme stika imebanduka salama. Bado kuna kasoro inayowakatisha tamaa wengi, nayo haionekani hadi siku ya pili. Stika inapokauka, sehemu za utando zilizo wazi kati ya herufi hugeuka kuwa na weupe wa kifedha, kana kwamba kuna ukungu chini yake. Wengi hudhani kwamba stika ni mbovu. La hasha. Huo ni mwanga unaorudishwa na hewa iliyonaswa.

Jambo hili linaeleweka kwa urahisi ukikumbuka karatasi ya gazeti iliyofungiwa mandazi. Karatasi kavu huzuia mwanga kwa sababu ndani yake mna nyuzi nyingi zenye hewa katikati, na kila mwanga unapotoka kwenye uzi kuingia hewani hutawanyika. Mafuta ya mandazi yakiijaza nafasi ya hewa, mtawanyiko unapungua, na doa lile linakuwa angavu hata ukaweza kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Rangi isiyong'aa iliyopakwa kwenye modeli ina sura ya karatasi kavu: ukiikuza, utaona vilima na mabonde. Utando wa stika hulala juu ya vilima na kuacha hewa mabondeni. Juu ya rangi nyeupe kasoro hiyo hujificha kiasi. Juu ya buluu iliyokoza, kijani au nyeusi hujianika.

Dawa yake hutangulia stika. Modeli hupakwa kwanza vanishi inayong'aa, tabaka mbili nyembamba, hadi uso wake uwe laini kama kioo na mabonde yawe yamejaa. Anayepuuza hatua hii hataokolewa na ustadi wowote wa baadaye. Kwa maoni yangu robo tatu ya kazi ya kubandika stika huwa imekwisha kabla stika haijaloweshwa, na ni sehemu hiyo ambayo wengi huiharakisha kwa kuwa haina msisimko.

Vanishi hiyo ina masharti yake katika nchi yetu ya chai. Huku alasiri nyingi hunyesha, na hewa yenye unyevu huchelewesha ukaukaji. Vanishi za kupuliza zenye vimumunyisho vikali huweza hata kugeuka nyeupe zikikutana na unyevu huo. Nilijifunza kupaka asubuhi jua likishachomoza na kuifunika modeli kwa karai lililoinuliwa kidogo kwa vijiti, hewa ipite ilhali vumbi halipiti. Hatari ya pili iko dukani. Thina ya rangi ya magari inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi huyeyusha plastiki ya modeli. Vanishi ya akriliki, ile ya kuchanganywa kwa maji, ni salama. Iache ikauke kwa siku mbili kabla ya kuigusa.

Maji nayo huchaguliwa. Tazama ndani ya birika la nyumbani: ukiona gamba jeupe, maji hayo yana chumvi za madini zitakazobaki kama madoa chini na kandokando ya stika. Ya visima vya kuchimbwa mara nyingi huwa hivyo. Ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la mabati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, hayana chumvi hizo. Yatie uvuguvugu kidogo, hasa asubuhi za baridi, kwani gundi hulegea upesi zaidi.

Mahali pa kuweka stika panatiwa tone la maji kwanza, ili stika ielee na uweze kuisogeza. Mafundi wa ng'ambo hutumia dawa ya chupa kama Micro Set, ambayo harufu yake haimfichi mtu: ina asidi ileile iliyomo katika siki. Nilipoikosa nilichukua siki nyeupe ya jikoni, nikaichanganya na maji mara mbili yake na kuongeza chembe ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni huvunja utando wa maji unaoyafanya yajikusanye matone, hivyo yakatandaa sawasawa. Stika inatelezeshwa kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye modeli. Haiinuliwi hewani kwa kibano. Ikishakaa mahali pake, maji yanafyonzwa kwa kona ya karatasi ya shashi, kisha kijiti cha pamba kilicholowa kinabiringishwa kutoka katikati kwenda kando. Kubiringisha si kusugua. Kusugua huivuta stika pamoja na pamba.

Super VC10 za Afrika Mashariki zina mtihani wao wa pekee. Ziliundwa zikiwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, sehemu ya mbele, tofauti na zile za abiria pekee. Kwenye modeli mlango huo huonyeshwa kwa mistari iliyochongwa, na stika ndefu inayopita kandokando ya madirisha hulala juu ya mistari hiyo kama mkeka juu ya mtaro. Hapo hewa imenaswa tena, hata kama vanishi ni kama kioo. Siki haitoshi. Inahitajika dawa ya kulainisha, kama vile Micro Sol au Mr. Mark Softer, ambayo huulegeza utando wenyewe hadi uzame katika kila mfuo. Ndani ya dakika chache baada ya kuipaka, stika hujikunjakunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Anayeiona kwa mara ya kwanza hushikwa na hofu na kunyoosha mkono airekebishe. Asiiguse. Wakati huo utando ni laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, na ukiachwa utajinyoosha wenyewe unapokauka. (Wanaisimu wataona kwamba hapa tena tumo katika kitenzi kisichohitaji mtenda.) Pakibaki kiputo, kitoboe kwa ncha ya sindano na urudie dawa.

Karatasi ya stika iliyozeeka hujaribiwa kwanza kwa kipande kisicho na kazi. Kikivunjikavunjika majini, karatasi nzima ipakwe tabaka moja ya vanishi, iachwe ikauke, kisha kila stika ikatwe kwa wembe karibu kabisa na wino, kwa kuwa vanishi mpya imeziunganisha zote kuwa utando mmoja. Iliyogeuka manjano hubandikwa dirishani ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Jua huirudishia weupe baada ya siku kadhaa, ingawa rangi nyingine nazo huweza kufifia, basi itazamwe kila jioni.

Baada ya siku moja modeli hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu ili kuondoa mabaki ya gundi, ambayo yakiachwa hugeuka madoa ya kahawia, kisha hupakwa vanishi ya mwisho. Ndege za abiria hung'aa, kwa hiyo vanishi hiyo nayo hung'aa.

Usajili uliobaki kwenye karatasi yangu ulikuwa 5H-MOG, Super VC10 ya mwisho kuundwa, iliyopokelewa mwaka 1970. Jeshi la Anga la Uingereza liliipa namba ZA150, nayo ilitua kwa mara ya mwisho Dunsfold, Uingereza, mwezi Septemba 2013. Niliiacha ilale kwenye plastiki kwa dakika mbili nzima, mikono ikiwa mifukoni. Ilibanduka. Kwa hiyo ndege iliyoko kwenye rafu yangu hapa Sigor ni ya Tanzania, na kila mgeni huniuliza kwa nini sikuchagua ya Kenya.