Vumbi la Tofali na Binti wa Tunisia

Apitaye Ngara na Biharamulo wakati wa kiangazi hukutana na tanuru za matofali zikifuka moshi kando ya migomba. Udongo wetu ni mwekundu, na vumbi lake huingia katika kanzu, mabaibui na mikeka. Huko Paris, Ufaransa, vumbi la matofali hutandazwa kwa uangalifu mkubwa ili mashindano makubwa ya tenisi yachezwe juu yake.

Mashindano hayo ni Roland Garros, yachezwayo kila mwaka kati ya Mei na Juni. Uwanja huitwa wa udongo, lakini kilicho juu ni matofali mekundu yaliyosagwa, tabaka jembamba lililolazwa juu ya mawe ya chokaa. Ulijengwa mwaka 1928 na kupewa jina la rubani mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, katika Bahari yetu ya Hindi, ambaye mwaka 1913 aliruka kwa ndege kutoka Ufaransa hadi Bizerte, Tunisia.

Kutoka Tunisia hiyo hiyo alikuja Ons Jabeur, binti wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 1994. Mama yake ndiye aliyempeleka kiwanjani akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2010 alifika fainali ya wasichana ya Roland Garros, akashindwa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16, alirudi akatwaa ubingwa. Novemba 2023, baada ya ushindi huko Cancun, Mexico, alilia mbele ya hadhara na kutangaza kwamba sehemu ya zawadi yake ataitoa kuwasaidia Wapalestina.

Kwa nini tunayaandika haya katika ukurasa wa familia? Kwa sababu katika nyumba zetu nyingi, mvulana akirudi madrasa hukimbilia mpira, na dada yake hukabidhiwa ndoo. Hatusemi tuige kila jambo la viwanja vya Ulaya. Mavazi ya wachezaji wengi hayalingani na sitara tuliyofunzwa, wala hilo hatulifichi. Lakini mazoezi yenyewe hayana kosa. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.), safari ya kwanza Bi Aisha alimtangulia, na safari nyingine Mtume akamtangulia.

Uwanja wa udongo hupunguza kasi ya mpira, hivyo nguvu pekee hazitoshi. Mchezaji huhitaji subira. Mabinti zetu nao wanahitaji kujifunza kushindwa leo na kurudi kesho, na hilo halifundishwi kwa maneno matupu.

Basi wazazi wenzetu, baada ya Alasiri na kabla ya Magharibi, uwepo ua wenye stara, mavazi ya heshima, mama au shangazi wa kusimamia, kibao cha mbao na mpira. Ndoo ya maji nayo ichotwe kwa zamu, kaka kwa dada. Tunamuomba Allah awape watoto wetu afya na subira. Amin.